Uzi: Ukimwalika mtu kwenye Uislamu, nani atamfundisha Fatiha (sura ya kwanza ya Qur'ani)?

Mgeni_wa_Kibla (mwanzisha uzi)

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mimi ni miongoni mwa waliosilimu, na naandika nikiwa upande wa anayealikwa. Habari zangu naziweka kando, nataka tuijadili kazi yenyewe. Daawa yetu (kuwaita watu kwenye Uislamu) ina nguvu sana siku ya shahada, mtu anapotamka kuingia dini, halafu inalegea kuanzia kesho yake. Takbira zinapigwa, picha zinarushwa kwenye makundi ya WhatsApp, mtu anavishwa kanzu na kofia. Alfajiri inayofuata yuko peke yake chumbani, ana ndoo ya maji na hajui udhu unaanzia wapi.

Msingi wa kazi hii tunao. Sahaba Muadh bin Jabal alipotumwa Yemen, Mtume (s.a.w.) alianza kwa kumwambia anaowaendea ni watu gani: watu wa Kitabu. Kisha akampangia. Awaite kwenye shahada. Wakikubali, awajulishe sala tano. Wakikubali hilo, awajulishe zaka, inayochukuliwa kwa matajiri wao ikarudishwa kwa mafukara wao. Mwisho akamtahadharisha asiwachukulie mali zao zilizo bora, na aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Imo Bukhari na Muslim.

Sisi tunaigeuza. Neno la kwanza ni kitimoto, la pili pombe, la tatu hijabu. Mtu hajaelewa bado Allah ni nani, tayari ameshapewa orodha ya vitu vya kuacha. Anachobaki nacho ni kwamba Uislamu ni dini ya makatazo, na hapo hujamwambia uongo wowote, umekosea mpangilio tu.

Jambo la pili ni kumjua unayeongea naye. "Mkristo" ni neno pana. Msabato hali nguruwe na siku yake ni Jumamosi, sasa darsa la nguruwe kwake la nini? Shahidi wa Yehova haamini Utatu, kwa hiyo ukimwandalia hoja saba za kuuvunja Utatu umechoka bure. Mkatoliki ana Rozari, ana watakatifu, ana kitubio kwa padri. Mlokole atakuuliza swali moja tu: je, umeokoka? Basi kabla hujafungua mdomo muulize: ukiomba, unamwomba nani? Ukifa, unatarajia nini na kwa sababu gani? Msikilize mpaka amalize. Wengi hawajawahi kuulizwa maswali hayo na mtu asiyetaka kuwashinda.

Tatu, kikao. Wawili tu, mbali na kijiwe. Mbele ya rafiki zake ataitetea heshima yake hata kama moyo umeshalainika. Kikao kimoja mada moja, dakika ishirini zinatosha. Simama yeye akiwa bado ana hamu ya kuuliza.

Nne, na ndiyo sababu ya kichwa cha uzi: kabla hujamwalika, mjue kwa jina atakayemfundisha. Si "msikiti utamfundisha." Msikiti ni jengo.

Karibuni.

---

Bin_Madrasa

Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Naongeza jambo linalotukwamisha sana sisi wa Kiswahili, nalo ni maneno.

Biblia ya Kiswahili na tafsiri za Qur'ani za Kiswahili zinatumia maneno mengi yale yale: sala, toba, dhambi, rehema, malaika, nabii, zaka, Masihi. Mlinganiaji anadhani wanaelewana kwa sababu neno ni moja. Kumbe kila mmoja ana picha yake kichwani.

Chukua zaka. Kwa Mkristo, Malaki 3:10 inasema leteni zaka kamili ghalani, naye anaelewa fungu la kumi la mapato, linapelekwa kanisani. Kwetu ni asilimia 2.5 ya mali iliyofika nisabu (kiwango cha chini cha kutolewa zaka) na kupitiwa na mwaka, na wanaoipokea wametajwa makundi manane katika sura ya 9 aya ya 60. Usipoeleza, Muislamu mpya ataanza kukata asilimia 10 ya mshahara wake kila mwezi na kumpa imamu.

Chukua Roho Mtakatifu. Kwa Mkristo ni nafsi ya Mungu. Kwa wafasiri wetu walio wengi, Ruhul Qudus ni Jibril, malaika aliyeumbwa. Ukisema "hata sisi tunamwamini Roho Mtakatifu" ukaishia hapo, umempa picha isiyo sahihi, na siku atakapojua ataona ulimficha.

Chukua Masihi. Qur'ani inamwita Isa Al-Masih (3:45). Jina ni hilo hilo, ila kwetu halimfanyi mwana wa Mungu.

Chukua dhambi. Yeye amefundishwa kwamba amezaliwa na dhambi ya Adamu na ndiyo maana inahitajika damu. Sisi tunasema Adam alitubia akasamehewa, na hakuna abebaye mzigo wa mwenzake. Hapa ndipo pa kukaa. Kwa wengi suala zito si hesabu ya tatu na moja. Suala ni "nitasamehewaje bila msalaba?" Lijibu hilo kwa utulivu, kwa aya za toba, na utaona mazungumzo yanavyobadilika.

Kuhusu kitabu cha kumpa: wengi hugawa tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy ya 1969. Ni kazi kubwa, lakini maelezo yake ya chini yana sehemu nyingi za kuwajibu Makadiani (Waahmadiyya), na anayeanza hajui hata Makadiani ni nani. Mwambie asome matini tu, aanzie sura ya 19, Maryam, aya 98. Habari za Zakaria, Yahya, Maryam na Isa ataona zinafanana na anazozijua, na mahali zinapoachana atapaona mwenyewe.

---

Fundi_wa_Hoja

Nimesoma, na nakubali sehemu kubwa. Lakini tusiidharau mihadhara ya wazi. Mtindo ule wa kusimama na Biblia mkononi, uliochochewa sana na mhubiri wa Kiislamu Ahmed Deedat wa Durban, umewafanya watu wengi wasikie kwa mara ya kwanza kwamba Waislamu wanamwamini Yesu na mama yake. Kosa liko kwa anayeingia uwanjani bila maandalizi.

Makosa ninayoyasikia kila mara ni haya.

Mtu anasoma Yohana 14:16, "Msaidizi mwingine," anasema huyu ni Muhammad (s.a.w.), anafunga kitabu. Mchungaji anasogea aya kumi tu, 14:26, anasoma "huyo Msaidizi, huyo Roho Mtakatifu," na uwanja wote unacheka. Kama hujui utajibu nini kwenye 14:26, usiiguse 14:16. Anza na palipo wazi: Marko 12:29, Bwana Mungu wetu ni Bwana mmoja. Yohana 17:3, Yesu anamwomba Mungu wa pekee wa kweli na anajitaja kuwa aliyetumwa. Soma sura nzima nyumbani, si aya moja.

Kosa la pili ni Injili ya Barnaba. Jamani, iacheni. Nakala yake ya Kiitaliano ni ya karne ya 16. Ndani yake Yesu anapanda chombo na kusafiri kwa maji mpaka Nazareti, mji ulio vilimani. Na kubwa zaidi, ndani yake Yesu anakana kuwa Masihi, ilhali Qur'ani inamwita Masihi. Unatetea Qur'ani kwa kitabu kinachopingana nayo!

La tatu ni uvumi. Eti Neil Armstrong alisikia adhana mwezini akasilimu. Mwenyewe alikanusha akiwa hai. Anayesilimu kwa uvumi huo, siku akiujua ukweli wake ataanza kuitilia shaka hata Fatiha.

Na la nne ni sheria. Tanzania, Katiba ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa dini pamoja na kuibadilisha, na kueneza dini ni kazi huru. Lakini Kanuni ya Adhabu kifungu cha 129 inakataza maneno yanayosemwa kwa makusudi ya kuumiza hisia za dini za mtu. Dini yenyewe ilishatangulia kutuambia hivyo katika 6:108, tusiwatukane wanaowaomba wasiokuwa Allah. Hoja bila kejeli.

---

Mgeni_wa_Kibla

Fundi, Allah akulipe. Naongeza mfano mmoja tu wa mhadhara uliokamilika: sahaba Jaafar bin Abi Talib mbele ya Najashi, mfalme wa Habasha (Uhabeshi). Mpangilio wake utazameni vizuri. Alianza na aibu za watu wake mwenyewe: tulikuwa tukila mizoga, tukikata undugu, mwenye nguvu akimla mnyonge. Akaja kwa Mtume na ukweli wake na uaminifu wake. Akataja alichoamrisha. Alipoombwa asome, akasoma mwanzo wa surat Maryam, wakalia. Kesho yake alipobanwa kuhusu Isa hakupindisha: ni mja wa Allah na Mtume wake, roho itokayo kwake na neno lake alilompelekea Maryam. Hakumtukana mtu na hakuficha kitu.

---

Mama_Twahara

Assalamu alaykum kaka zangu. Mmeongea ya wanaume. Naomba niseme ya dada anayesilimu, maana mara nyingi anazungukwa na wanaume watano wakimweleza josho (kuoga kwa kujitwaharisha) huku wote wameinamisha macho. Atafutwe mwanamke wa kumfundisha, siku hiyo hiyo.

Shahada haisubiri josho. Watu wanamwambia "nenda kaoge kwanza ndipo urudi." Hilo ni kosa. Akitaka, atamke hapo hapo. Imamu Nawawi amelikemea jambo la kumchelewesha. Kuoga kunafuata. Kwa madhehebu yetu ya Shafi ni wajibu kama aliwahi kupata janaba (hali ya baada ya tendo la ndoa au kutokwa manii), na mtu mzima karibu siku zote anayo. Kama hajawahi, ni sunna.

Akiwa hedhini, shahada yake ni sahihi. Haswali, haulizwi, anaoga ikikatika.

Josho lenyewe: nia moyoni, aondoe najisi, kisha maji yafike mwili wote na mizizi ya nywele. Hapa ndipo panapoharibika. Rangi ya kucha inazuia maji, itolewe. Wigi la gundi linazuia. Rasta zilizobana sana, kama maji hayapenyi mpaka kwenye ngozi na ndani ya msuko, zifumuliwe. Zikiwa zimelegea na maji yanapita, abaki nazo. Mwambie kwa upole, tena mapema, maana rasta za elfu arobaini kufumuliwa leo zinauma. Maji si lazima yawe mengi. Mtume (s.a.w.) alioga kwa pishi moja hadi vibaba vitano, yaani lita tatu na kitu, na alitawadha kwa kibaba kimoja.

Mavazi: mtandio mmoja na nguo pana ya kuswalia inatosha wiki ya kwanza. Usimnunulie baibui jeusi na kumtaka alivae kwa wazazi wake kesho.

Na ndoa, ndugu zangu, ndoa! Dada hajamaliza mwezi ameshaletewa wachumba watatu. Baba yake asiye Muislamu hawezi kuwa walii wake (msimamizi wa kumwozesha), walii wake anakuwa kadhi. Kwa hiyo nendeni kwa kadhi kweli, si "sheikh wa mtaani atatufungia." Mahari ni yake yeye. Anayemtaka amsubiri kwanza ajue kuswali.

---

Pwani_Kaskazini

Salaam kutoka Mombasa. Mwanzisha uzi ameuliza nani atamfundisha Fatiha, nami nieleze vipi.

Sala tano zina rakaa 17, na kila rakaa ina Fatiha. Kwa hiyo ndiyo ya kwanza. Aya saba, tukihesabu na Bismillahi kama tunavyohesabu Mashafi. Aya moja kwa siku mbili, wiki mbili imekwisha. Aya ya saba ni ndefu, ikate mapande matatu: *siraatalladhiina an'amta 'alayhim*, kisha *ghayril maghdhuubi 'alayhim*, kisha *waladhdhaalliin*. Afundishwe kwa mdomo, asikie na arudie. Karatasi ya herufi za Kirumi ni kiegemeo tu, maana "h" ya karatasini haimwonyeshi kama ni ya *alhamdu* au ya *ihdina*, na hizo ni herufi mbili tofauti.

Ulimi wa Mswahili una bahati, *th*, *dh* na *gh* anazo tayari. Pa kumshika ni pawili. *Iyyaaka* ina shadda (herufi inakazwa): akisema *iyaaka* kwa wepesi maana inageuka, likawa neno la mwangaza wa jua. Na *an'amta* ni kwa "a" mwishoni: akisema *an'amtu* ni kama amesema "mimi niliowaneemesha." Hayo mawili sahihisha siku ya kwanza. Mengine, ile *'ayn* na *dhaad*, yatakuja polepole. Ukimsimamisha kila neno ataogopa kusoma.

Na wiki hizo mbili ataswalije? Aswali. Yule mtu aliyemwambia Mtume (s.a.w.) kwamba hawezi kushika chochote cha Qur'ani alifundishwa aseme Subhanallah, walhamdulillah, wala ilaha illallah, wallahu akbar, wala hawla wala quwwata illa billah. Imo kwa Abu Daud. Asimame nyuma ya imamu, afuate, aseme hayo. Baada ya Fatiha, Kauthar aya tatu, Ikhlas aya nne. Kisha tashahhud (maneno ya kikao cha sala), nayo ikatwe mapande.

Halafu jambo linalotuaibisha: mgeni wa siku tatu ashaambiwa maulidi ni bidaa (uzushi katika dini), na mwingine ashamwambia asiyesoma maulidi hampendi Mtume. Kunuti (dua ya kusimama katika sala ya alfajiri), kufunga mikono, kuandama kwa mwezi, vyote vinamiminwa kichwani pake. Mwambieni amfuate imamu aliye mbele yake, basi.

---

Kijana_Mdadisi

Shukran kwa madini haya. Maswali mafupi: (1) Abadili jina? (2) Alipe sala za zamani? (3) Akisilimu ili aoe tu? (4) Tumsaidie pesa au tutaonekana tunanunua watu?

---

Bin_Madrasa

1. Si lazima, ila kama jina lina maana mbaya au ya kumwabudu asiye Allah. Masahaba wengi walibaki na majina yao. Akipenda kuitwa Yusuf msikitini aitwe, lakini kulibadili kisheria kunagusa NIDA (kitambulisho cha taifa), vyeti vya shule, benki na mwajiri, asikimbizwe. Cheti cha kusilimu achukue, kitamfaa akitaka ndoa au Hija akiwa bado anaitwa Joseph kwenye pasipoti.

2. Halipi chochote, si sala wala saumu. Sura ya 8 aya ya 38. Akisilimu tarehe 15 Ramadhani anafunga zilizobaki. Madeni ya watu ndiyo yanabaki, hayo alipe.

3. Tenganisha siku mbili. Shahada leo, nikaha baadaye, katikati masomo. Moyo wake anaujua Allah, kazi yako ni kuhakikisha anaijua maana ya alichotamka. Na kama ana mke Mkristo tayari, ndoa yao inaendelea, msimtishe. Aliyesilimu akiwa mke, na mume hajasilimu, hilo lipelekwe kwa kadhi, lisijibiwe barazani.

4. Pesa kabla ya shahada ni sumu, hata iwe nauli ya kuja kusilimu. Baada ya shahada, kama amefukuzwa nyumba au kazi, ana haki. Kundi la wanaotiwa nguvu nyoyo zao limetajwa kwenye aya ya zaka. Apewe na kamati, kwa siri, bila picha.

Na aliye chini ya miaka 18 msimsilimishe kwa kificho. Ongeeni na wazazi wake.

---

Mgeni_wa_Kibla

Naomba nikae kidogo kwenye wazazi, maana hapo ndipo daawa inapoendelea bila hotuba. Luqman 31:15 imesema wakikushurutisha umshirikishe Allah usiwatii, lakini kaa nao duniani kwa wema. Asmaa bint Abi Bakr alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu mama yake aliyekuwa mshirikina, akaambiwa amuunge. Kwa hiyo anayesilimu apige simu nyumbani mara nyingi kuliko zamani. Matumizi aliyokuwa akituma yasipungue hata shilingi. Nyama aiulize kwa adabu, ugali na maharage ya mama ale. Mama akiona mwanawe amekuwa mpole zaidi tangu asilimu, ameshapata darsa.

Jambo tunalolikimbia ni mauti. Muislamu mpya anafariki, ukoo unataka jeneza liende kanisani, msikiti unataka sanda, watu wanagombana juu ya maiti. Aandike wasia mapema: azikwe Kiislamu, ataje msikiti na mtu wa kupigiwa simu. Nakala moja abaki nayo, moja kwa mwenzi wake, moja msikitini. Muhimu kuliko karatasi, awaambie ndugu zake kwa mdomo akiwa mzima. Na kwa kuwa Muislamu na asiye Muislamu hawarithiani, akitaka mama yake au kaka yake apate kitu, amuandikie kwenye wasia, isizidi theluthi moja ya mali.

---

Mama_Twahara

Kwetu tunatumia daftari la kawaida la kurasa 96. Kila aliyesilimu ana ukurasa wake: jina, simu, tarehe, mwalimu wake mmoja, amefika wapi kwenye Fatiha, wasia umeandikwa au bado. Mwalimu ni mmoja kwa makusudi. Walimu kumi wanamaanisha kila mmoja anadhani mwenzake amepiga simu.

Akikosa kuonekana wiki mbili, mwalimu anakwenda nyumbani kwake, na hamuulizi kwa nini huji msikitini. Swali hilo linamfungia mlango, maana mara nyingi jibu ni aibu: amesahau tashahhud, au amerudi kwenye pombe, au hana nauli. Anakwenda na mandazi, anakaa, wakati wa sala ukiingia anaomba maji na mahali pa kuswalia, anamwambia "simama kando yangu," kisha anasoma kwa sauti hata kama ni Adhuhuri, ili mwenzake asikie na afuate.

---

Pwani_Kaskazini

Dada, sunna ya Adhuhuri ni kusoma kwa siri.

---

Mama_Twahara

Ni kweli, sheikh, na ni vizuri umelisema. Ni sunna, na kuiacha hakubatilishi sala. Kwa wa kumfundisha tunafanya hivyo siku za mwanzo tu, na tunamweleza kwa nini. Akishashika, anasoma kimya kama kila mtu.